Dial ya kubahatisha: jinsi nilivyomkosa kaka yangu hewani, Msambweni

Wakuu, assalamu alaykum. Na wale wa salamu nyingine, hamjambo nyote.

Mimi ni mzee wa Msambweni, wengi humu mnaniita babu. Juzi humu jukwaani nimeona uzi wa kijana mmoja anauliza namna ya ku-calibrate, yaani kulinganisha namba za mawimbi kwenye frequency display ya transceiver aliyoiunda mwenyewe. Mtu akamjibu, "Acha tu mkuu, tofauti ndogo haina neno."

Jibu lile limenichoma. Ndiyo sababu ninaandika.

Haya yalinifika mimi mwenyewe. Sikusimuliwa, wala sina haja ya kuyatia chumvi, maana yalivyo yananitosha.

Ilikuwa kabla kidogo ya Uhuru. Nilikuwa kijana, fundi wa simu za upepo (wireless) katika idara moja ya serikali pale Kwale. Ijumaa hadi Jumapili sikuwa na zamu, nilikuwa nyumbani Msambweni, ninaunda seti yangu. Valvu, zile taa za kioo za redio za kale, nilizitoa kwenye redio mbovu zilizotupwa, kasha nikalikata kwa bati la debe, umeme nikaupata kwa betri ya lori. Seti moja, inapokea na kurusha.

Sikuiunda kwa mchezo.

Kaka yangu Athumani alikuwa Unguja. Aliondoka nyumbani kwa ugomvi. Mama alimchagulia mke, binti wa nduguye, naye akakataa mbele za watu. Mama akamwambia asikanyage tena mlango wake. Akaenda zake, miaka ikapita, hakuna aliyemtafuta mwenziwe. Wote wawili walikuwa na vichwa vigumu, Mungu awarehemu.

Kisha tukapata habari kwamba Athumani anaumwa kifua. Alikuwa akifanya kazi shuleni huko, na mwalimu mmoja wa shule hiyo, Mhindi, Bwana Gulam, alikuwa na leseni ya redio ya ridhaa, ile ya mtu binafsi kuzungumza hewani na wenziwe. Athumani akatuma salamu: kila Ijumaa baada ya sala ya mchana mwalimu atamkalisha mbele ya redio yake, ataniita kwenye kilosaiko 7,050. Anataka kusikia sauti ya mama. Anataka radhi.

Mama nikampa salamu zile. Aliingia ndani, akatoka amejifunga leso mpya, akaniuliza, "Hicho chombo chako kitakuwa tayari lini?"

Najua mtaniuliza kwa nini hatukupanda meli tukaenda. Mama magoti yalikuwa hayamchukui, na kila mtu aliyetoka Unguja alituambia Athumani anaendelea vizuri, ni kifua tu. Yeye ndiye aliyewaambia waseme hivyo.

Sasa, kwa wasioijua kazi hii. Seti ya kununua inakuja na namba zake. Seti ya kuunda mwenyewe ina mshale tu na kipande cha kadibodi nyuma yake. Namba unaziandika wewe, baada ya kulinganisha na mawimbi ambayo unayajua kwa hakika. Kabla ya hapo, zile namba ni maandishi matupu.

Mimi chombo cha kulinganishia sikuwa nacho. Aliyekuwa nacho upande wetu wote ni Mzungu mmoja mwenye nyumba ufuoni Tiwi, watu walimwita Bwana Mawaya kwa zile nyaya alizozitundika juu ya minazi. Tena niliambiwa leseni sitapewa mpaka mtu kama yeye, mwenye leseni ya siku nyingi, aipime seti yangu na aitie sahihi.

Nikampelekea. Nikamweleza habari ya kaka yangu yote, hata habari ya radhi. Akanisikiliza vizuri, akasema, "Acha hapa. Njoo wiki kesho."

Nilipoirudia, kadi ilikuwa imeandikwa kwa wino mweusi, namba nzuri, zimepangika, kuanzia 7,000 hadi 7,100, ndiyo band, mipaka yetu watu wa ridhaa. Akatia sahihi. Nilimshukuru hata nikaona haya. Leseni nikapata, pamoja na mwito, ndilo jina langu la hewani, nikampelekea Athumani kwa mtu aliyekuwa akienda Unguja.

Ijumaa ya kwanza mama alikaa karibu na seti, tasbihi mkononi. Nikaweka mshale kwenye 7,050. Nikaita. Nikasikiliza.

Badala ya Athumani, tukapata muziki wa redio za mbali na Wazungu wanasoma habari. Nikazungusha huku na huku ndani ya kadi yote. Hakuna.

Nikaenda Tiwi kumwuliza. "Bwana, mbona ndani ya band yetu nasikia stesheni za matangazo?"

Akacheka. "Hiyo ni vivuli. Seti rahisi iko na vivuli mingi."

Wakuu, vivuli vipo kweli. Stesheni inaweza kusikika mahali isipokuwapo, kama vifaa ni duni. Kwa hiyo nikamwamini.

Ijumaa zikaenda. Mama akawa anakuja mapema, anakaa, anaondoka na tasbihi yake. Mara moja tu aliniuliza, "Labda hataki tena?" Nikamwambia hewa ni mbaya, itatulia.

Halafu, Jumatano moja nikiwa nyumbani kwa likizo, akaja Bi Mwanakombo, mdogo wake mama, kutoka Unguja. Hata maji hajanywa akanishika mkono.

"Salim, ndugu yako umemfanya nini? Kila Ijumaa anabebwa kwenda kwa yule mwalimu. Anaita mpaka sauti inakauka. Mwalimu anasema hewa ni safi kabisa, watu wa Mombasa wanamjibu. Wewe tu ndiye hujibu."

"Anabebwa?"

"Anabebwa, mwanangu. Hatembei tena."

Mama alikuwa mlangoni. Alisikia.

Jioni ile nikakaa na seti, sitafuti mtu, nasikiliza tu. Nikaipata moja ya stesheni zile za "vivuli", nikangoja. Ilipofika saa kamili mtangazaji akataja jina la stesheni yake na mawimbi yake, kama wafanyavyo. Alisema 7,150. Mshale wangu ulikuwa kwenye 7,070.

Nikaitafuta nyingine. Nayo ikataja namba yake. Tofauti ni ileile.

Kadi yote ilikuwa ya uongo. Pale nilipodhani ni 7,050 nilikuwa juu kabisa, napiga kelele katikati ya stesheni za watu. Na pale Athumani alipokuwa akiniita palikuwa nje ya kadi, chini ya 7,000, mahali pasipoandikwa kitu. Sikuwahi kuupeleka mshale huko kwa sababu niliambiwa si petu.

Asubuhi, Alhamisi, nikaenda Tiwi kwa baiskeli. Bwana Mawaya alikuwa barazani anakunywa chai. Hakuniambia kaa.

Nikamwuliza, "Bwana, seti yangu uliilinganisha na nini?"

Akafikiri kidogo. "Ile? Ah. Sikuwasha. Betri yangu ilikuwa kwa gari. Mimi nilichora tu, kwa kukisia."

"Lakini ulitia sahihi."

"Sikiliza, Salim. Mimi nilifikiri wewe nataka karatasi tu. Nilifikiri hiyo kitu haitafanya kazi hata siku moja."

Alisema hivyo bila hasira na bila haya, kama mtu anayekwambia mvua ilinyesha jana. Kisha akaniuliza kama sukari imeshapatikana madukani Ukunda.

Nikapanda baiskeli yangu nikarudi. Mpaka leo nayatafuta maneno niliyopaswa kumwambia.

Ijumaa nilimwambia mama, "Leo tutampata." Akavaa kama anayekwenda arusini, na Bi Mwanakombo akakaa naye. Baada ya sala nikaushusha mshale chini ya 7,000, namba ya kwanza ya kadi, nikaingia pale peupe.

Hata sijamaliza kuzungusha, nikasikia sauti, safi kama mtu yuko chumba cha pili. Ilikuwa inataja mwito wangu. Inautaja polepole, kama aliyekwisha kuchoka kuutaja.

Nikajibu. Sauti ikauliza, "Salim? Ni wewe Salim?"

"Ni mimi, mwalimu. Mama yuko hapa. Mpe Athumani azungumze."

Bwana Gulam akajibu:

"Salim, tumemzika Jumatano. Nimepiga simu ya maandishi ofisini kwako, labda haijafika. Leo nimeita kwa sababu nilimwahidi nitaita mpaka mjibu."

Haikuwa imefika. Ilifika Jumatatu.

Mama ndiye aliyenyoosha mkono, akachukua kipaza sauti. Hakuwahi kukishika maishani mwake. Akakisogeza mdomoni, akasema:

"Baba mwalimu, ahsante. Nenda kaburini kwake umwambie mamake amesema amemwia radhi. Na umwambie kila Ijumaa nilikuja."

"Nitakwenda, mama," mwalimu akasema. "Nitakwenda leo."

Naye alikwenda. Alituletea habari Ijumaa iliyofuata.

Bwana Mawaya aliuza nyumba muda mfupi baada ya bendera kubadilishwa, akaenda kwao. Niliwahi kusikia alikuwa akijisifu kwamba yeye ndiye aliyefundisha Waafrika wa pwani redio. Sitaki kuandika zaidi hapo, mods, wasimamizi wa humu, watanifungia.

Watu huniambia nimsamehe, ni mambo ya zamani. Mama alimsamehe. Mimi bado.

Nililojifunza ni hili, na ninamwambia hasa yule kijana wa uzi wa juzi: namba usiyoiona ikilinganishwa usiiamini, hata ikiandikwa kwa wino mzuri na kutiwa sahihi na mkubwa. Mtu akikwambia amekupimia, mwambie apime tena na wewe umesimama hapo. Akikasirika, chukua seti yako uondoke. Na wewe unayempimia mwenzio, kama huna nafasi, sema sina nafasi. Hakuna aibu hapo. Hujui nani anakaa upande wa pili akingoja.

Nimechoka kuandika kwa kidole kimoja. Mwenye swali la kiufundi aulize, nitamjibu nikijaliwa. Na kama kuna mtu humu ambaye ndugu yake aliwahi kumwita asimsikie, aweke hapa chini. Nitasoma yote.