Bukari juu ya ngoma

Katika kundi letu la roki mimi nilikuwa mpiga ngoma, na kwa sababu sipendi kutoka nyumbani, ngoma zote zilikaa salon, sebuleni kwetu mtaa wa Bel-Air. Mama alivumilia makelele kwa sharti moja: nikimaliza, kila ngoma ifunikwe kitambaa alichofuma mwenyewe, kama meza.

Jumapili ya konseri yetu ya kwanza, kule mtaa wa Kenya, mji huu huu wetu, bakwe walifika ghafla, jamaa ya mwanaume aliyetaka kumuoa dada yangu. Meza hazikutosha. Nilipotoka kuoga, mama alikuwa amelaza ngoma kubwa, bukari, ugali wetu, na mchuzi wa mawese juu yake, na kuku kwenye ngoma ndogo.

Mpiga gitaa akafika dirishani na mkokoteni. "Citoyen, ndugu yangu, leta ngoma! Bantu bamejaa kwa konseri!"

"Iko na bukari juu."

"Weye ni mupiga ngoma ao mupishi? Toa bukari!"

"Ingia utoe weye. Ni ya bakwe."

Nikamnong'oneza mama. "Acha bakule," akasema. "Weye uko na konseri, miye niko na binti."

Bakwe hawali haraka. Ndiyo heshima yao. Mzee wao aligonga ngoma kwa kidole, akasifu: "Meza ya huku iko na sauti muzuri."

Waliondoka jioni. Kule Kenya kundi lilikuwa limepata mtu wa kupiga sanduku la nguo kama ngoma, likambakiza yeye mahali pangu. Dada akaolewa. Ngoma kubwa ina duara la mafuta ya mawese lisilotoka, na kikombe changu cha chai hukaa hapo, katikati kabisa.