Mafuta Meusi ya Mukantwari

Mukantwari hukaanga sambaza, vile vidagaa vya Ziwa Kivu, kando ya barabara iendayo Nyamyumba, na kwa ukaidi hana mwenzake hapa Gisenyi. Mafuta ya kikaango chake hayakuwahi kumwagwa. Yakipungua aliongeza mapya juu ya ya zamani, kama mama mkwe alivyomfundisha, mpaka yakawa meusi tii. Watu wa Goma walivuka mpaka kufuata ladha hiyo, na jioni alichota kidogo akapikia maharage ya nyumbani.

Kisha mumewe, Védaste, akapooza mkono wa kushoto. Muuguzi alisema ni presha, akauliza mgonjwa anakula nini. Aliposikia habari za kikaango alishika kichwa. Mafuta yanayochemshwa tena na tena si rafiki wa mishipa, alisema, na Védaste akipatwa mara ya pili huenda asiamke.

Mukantwari hakubishana, ajabu. Alianza na mafuta mapya. Yale meusi alimpa Illuminée, mkaangaji wa ng'ambo ya barabara, maana kwetu nani amwage mafuta? Wateja wakanuna.

"Mama, sambaza yako haiko tena na utamu," walimwambia, wakahamia kwa Illuminée.

"Muende tu! Mi sirudi nyuma."

Mimi jirani yake nilimwonea huruma, na nilijivunia kumjua.

Siku moja, samaki wake wakiwa wamepoa bila mnunuzi, aliinua macho. Védaste alikuwa benchini kwa Illuminée, anatafuna, midomo inang'aa.

"We Védaste! Unataka kufa?"

"Hii ni ya kwako ile ya zamani, mama watoto," alijibu kwa furaha. "Naijua."

Mukantwari alivuka barabara mbio. Alichokitoa kwake kwa mkono wake mwenyewe kilikuwa kimemrudia mumewe kinywani. Aliogopa, kisha akawaka.

"Illuminée, unisamehe. Nilikupatia sumu, nikaita zawadi."

Akaepua kikaango cha mwenzake, akamwaga mafuta shimoni mbele ya wateja, akakijaza mafuta mapya kutoka dumu lake. Illuminée hakumzuia. Alikuwa akiutazama mkono wa Védaste uliolala pajani.

"Bon," Védaste alinung'unika, "sasa mi nitakula wapi?"

"Nyumbani. Maharage ya kuchemsha. Na utazeeka nayo."