Nafasi Zipo, Lakini Ngapi?

Mke wangu alikuwa amevuka umri wa miaka arobaini alipoamua kwamba atasomea upasuaji. Alilitangaza jambo hilo jikoni kwetu katika mtaa wa Chechelesi, akimenya viazi, kwa sauti ile ile ambayo angetumia kuniambia kwamba gesi imekwisha. Mimi nilikuwa mezani nikisahihisha mitihani ya jiografia. Niliweka kalamu chini, nikamwuliza kama anasema kweli.

"Kwani umeniona nikicheka?" akajibu, akachukua kiazi kingine.

Haikuwa ndoto ya asubuhi moja. Kwa miaka mingi alikuwa daktari wa kawaida katika hospitali ya hapa Isiolo, na katika kazi zote za udaktari ni upasuaji uliomfanya arudi nyumbani akizungumza. Alikuwa akiwapasua akina mama walioshindwa kujifungua, akiwatoa watu vidole tumbo vilivyooza, akiwashona majeruhi wa barabarani. Lakini kesi ikizidi ujuzi wake, na daktari bingwa akiwa hayupo, mgonjwa alipakiwa kwenye ambulensi na kupandishwa hospitali kubwa za milimani. Mke wangu alibaki mlangoni akiangalia vumbi la gari hilo. Aliniambia kwamba amechoka kuangalia vumbi.

Mwajiri wake alikuwa amekubali kumpa ruhusa ya masomo pamoja na mshahara, kwa masharti mawili. Kwanza, aombe nafasi katika chuo kimoja tu, na jina la chuo hicho lifike ofisini kabla ya mwezi kwisha. Pili, ruhusa ilikuwa ya mwaka huu; mwaka ujao ingekuwa zamu ya mtu mwingine. Kwa hiyo alikuwa na jaribio moja. Akikosea chuo, angerudi mlangoni kutazama vumbi, pengine mpaka astaafu.

"Wewe uko likizo," akaniambia. "Nitafutie kitu kimoja. Kila chuo kinachukua wanagenzi wangapi wa upasuaji kwa mwaka? Mahali penye nafasi mbili na mahali penye nafasi kumi si sawa."

Niliipokea kazi hiyo kwa furaha ya mtu ambaye hajui anachokipokea. Nimesoma chuo kikuu. Nimefundisha wengine kutafuta idadi ya watu, ya mvua na ya mifugo katika vitabu. Nilidhani jibu lingepatikana kabla ya chai ya saa nne. Tovuti za vyuo zilieleza kila kitu: sifa za mwombaji, karo, historia ya chuo, picha za wanafunzi waliovaa makoti meupe na kutabasamu kana kwamba hawajawahi kukosa usingizi. Idadi ya nafasi haikuwapo.

Basi nikapiga simu. Chuo cha kwanza kilikuwa kikubwa, kiko jijini.

"Nafasi zipo," akasema mama aliyepokea.

"Nashukuru. Ni ngapi?"

"Zipo. Tuma maombi."

"Nataka kujua tu kama ni tano, kumi…"

"Wewe ndiye mwombaji?"

"Hapana, ni bibi yangu. Yuko thieta saa hii."

"Pole sana. Anafanyiwa upasuaji wa nini?"

"Hafanyiwi, mama. Anafanya."

"Ah! Basi mwambie akimaliza atume maombi," akasema, na simu ikakatika.

Chuo cha pili, kilicho magharibi mwa nchi, kiliniambia kwamba inategemea. Nilipouliza inategemea nini, kijana wa ofisini alisema inategemea mwaka. Nikamwuliza mwaka huu inategemea nini. Akafikiri kwa uaminifu kabisa, akasema, "Hiyo nayo inategemea." Mahali pa tatu palikuwa hospitali ya misheni iliyo katika milima ya mbali, ng'ambo ya jiji, ambako madaktari hujifunza upasuaji wakiwa kazini, chini ya wakubwa wao. Mzee wa huko aliniombea baraka, akamwombea mke wangu baraka, lakini idadi hakuitaja.

Mke wangu aliporudi jioni nilimsomea mavuno yangu: zipo, inategemea, Mungu awabariki. Alivua viatu akicheka.

"Mwalimu, umekaa Isiolo miaka yote hii na bado unauliza watu wana ngamia wangapi?"

Nilijua anakumbuka nini. Mimi ni mtu wa milimani. Yeye amezaliwa Burat, nje kidogo ya mji, katika shamba la wazazi wake waliotoka Meru, akacheza na watoto wa Waborana na Waturkana tangu aanze kutembea. Tulipokuwa tunachumbiana alinipeleka kumsalimu jirani yao, mfugaji wa Kiborana aliyeheshimiwa sana. Nami, nikitaka kuonekana mtu wa mazungumzo, nikamwuliza, "Mzee, ngamia wako ni wangapi?" Kwetu, kumwuliza mtu ana ng'ombe wangapi ni adabu kama kumwuliza habari ya watoto. Pale, vikombe vyote vya chai vilirudi mezani. Mzee akasema, "Wapo, alhamdulillahi," akageuka kumwuliza mchumba wangu habari ya mvua. Mguu wangu ulikanyagwa chini ya meza mpaka nikatokwa na machozi. Baadaye nilielezwa kwamba kuhesabu mifugo ya mtu mbele yake ni kama kuitakia ipungue, tena ni kumchungulia mfukoni.

"Sasa mtu akitaka kujua afanyeje?" nilimwuliza siku ile, na jioni hii nikamwuliza tena.

"Anauliza habari. Mnanywesha kisima gani? Nani anachunga? Vijana wameoa, wamehama? Wakisema wachungaji wameongezeka, wewe unaelewa." Akajinyoosha kitini. "Na hawa nao hawakufichi. Nafasi si viti vya darasani. Kila mwanagenzi lazima awe na mkubwa wa kusimama naye mezani, amshike mkono anapokata. Daktari mmoja hawezi kuwashika watu wengi. Akistaafu mmoja, nafasi zinapungua. Wanafunzi wakimaliza, zinafunguka. Hata wao hawajui mpaka wajue nani yupo na nani anaondoka. Uliza habari."

Nililala nikitafakari jinsi nilivyokuwa nimeikosea hesabu hiyo tangu mwanzo. Nilikuwa nimedhani kwamba elimu ni chumba, na watu huingia mpaka kijae. Kumbe elimu ya aina hii hupitishwa kutoka mkono hadi mkono, na kipimo chake ni mikono iliyopo.

Kesho yake nilianza upya. Sikutaja nafasi hata mara moja. Niliuliza nani anafundisha, nani anamaliza, nani ameajiriwa. Watu wale wale walifunguka kama mabomba. Mama wa jijini aliniambia kwamba wakubwa wa upasuaji ni wengi, kwa hiyo wanagenzi nao ni wengi, ila kila nafasi hugombewa na umati, na kwamba yeye mwenyewe hufunga simu wiki ya maombi ili asipandwe na shinikizo la damu. Kijana wa magharibi alisema wakubwa wawili wamestaafu na nafasi zao hazijajazwa. "Kwa hivyo mwaka huu tutachukua kidogo," akasema, na mara hii hakuna kilichotegemea kitu. Mzee wa misheni alikuwa na habari kuliko wote: wanagenzi wawili wanamaliza, mmoja anarudi kwao, mwingine anabaki kufundisha.

"Kwa hivyo mtachukua…" nikasema, nikajing'ata ulimi.

"Wawili," akasema mwenyewe. "Wakipatikana wenye moyo."

Jumamosi tulikwenda Burat kwa wakwe zangu. Tulimkuta mama mkwe akipalilia vitunguu. Nasi tukashika majembe, na nikaanza kutoa ushauri nikiwa nimeinama. Nilisema jambo liko wazi. Penye nafasi nyingi ndipo penye matumaini. Mahali pa watu wawili ni kama kurusha jiwe gizani.

Mke wangu alipalilia mstari mzima. Kisha akasema, "Kutoka jijini ningekuwa nikirudi nyumbani kila baada ya muda mfupi, sivyo? Na kule misheni ni mbali."

"Hilo nalo ni jambo la kufikiria."

"Mume wangu, unahesabu nafasi au unahesabu wikendi?"

Nilikiri kwamba nahesabu zote mbili, na kwamba wikendi nilikuwa nimezihesabu kwanza. Masomo ni miaka mitano. Sikuwa na sababu ya kujifanya shujaa mbele ya vitunguu.

Mama mkwe alisimama, akashika kiuno. "Ngojeni kwanza. Anakwenda kusomea kupasua watu?"

"Ndiyo, mama."

"Na hawa amekuwa akipasua miaka yote hii? Kumbe alikuwa anajaribu tu?"

Tulicheka mpaka jirani akaja uani kuuliza kuna nini. Mke wangu alipopata pumzi alimweleza mama yake, na nadhani alikuwa akinieleza mimi pia. Alikuwa amempigia simu yule mwanagenzi anayebaki misheni kufundisha. Huyo alimwambia kwamba tangu mwaka wa kwanza alisimama mezani kila siku na mkubwa wake, na kwamba wagonjwa wa huko ni kama wa kwetu: watu waliotoka mbali, waliochelewa, wasio na pengine pa kupelekwa. "Jijini nitakuwa nyuma ya watu wengi, nikichungulia," akasema. "Mimi sitafuti nafasi nyingi, mama. Natafuta moja."

Jumatatu alipeleka jina la hospitali ya misheni ofisini.

Mahojiano yalifanyika baada ya majuma machache. Alirudi akiwa mtulivu kupita kiasi, akasema walimwuliza mambo machache na kumtazama akifunga mafundo ya uzi kwa mkono wa kushoto. Alikuwa mwenye umri mkubwa kuliko wote waliokuja. Mmoja wa wakubwa alitaka kujua kama magoti yake yatavumilia kusimama saa nyingi. Alimjibu kwamba amelima Burat tangu utotoni na magoti yake hayajawahi kumdai likizo.

Tulisubiri. Kila simu ilipolia, sote wawili tuliigeukia, na kila mara alikuwa mtu wa kanisani au mzazi wa mwanafunzi.

Jibu lilikuja nikiwa buchani sokoni, nikinunua nyama ya mbuzi. Mke wangu alikuwa kazini, na sauti yake ilikuwa ndogo, kama ya mtu aliyejificha nyuma ya mlango.

"Wamenichukua."

Moyo ulinijaa, na kwa kuwa mazoea ni kitu kibaya, maneno ya kwanza kunitoka yalikuwa, "Wamechukua wangapi?"

Nikamsikia akianza kucheka. "Unajua sikuuliza?"

Mwenye bucha aliniona nikifuta macho, akaweka kisu chini. "Mwalimu, kuna msiba?"

"Hapana. Bibi yangu amepata nafasi ya kusomea upasuaji."

"Hiyo tu? Si ungemleta hapa kwangu? Wiki moja, namfundisha bure."

Nilimpigia mke wangu tena papo hapo kumwarifu kwamba nafasi nyingine imepatikana Isiolo, mkubwa mmoja kwa mwanagenzi mmoja, na hakuna mahojiano. Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akaniambia ninunue nyama ya kutosha kupeleka na kwa mama, kwa sababu jioni hiyo angependa yeye mwenyewe kumweleza kwamba sasa anakwenda kuacha kujaribu.