Neno la Tatu, Ukurasa wa Saba

Juzi simu iliniuliza kama mimi ni roboti, nikamkumbuka Shafii, jirani yetu wa Mishomoroni. Mtaa mzima yeye tu ndiye aliyekuwa na kompyuta, na majivuno yake yalinuka kushinda ile plastiki iliyopata moto nyuma ya kioo.

Mchana mmoja utotoni alinipa zamu yangu ya kwanza kucheza. Gemu ikagoma kufunguka.

"Yataka neno la tatu, ukurasa wa saba wa kitabu," akasoma.

Kitabu nilikuwa nacho mkobani, cha Kiswahili, darasa la tatu. Nikapekua mbio mbio.

"Mbuzi!"

Shafii, bingwa wa kila kitu, akaandika mbuzi. Kompyuta ikalia piii, gemu ikajifunga.

"Umeniharibia, mbuzi we! Toka kwetu!" Akanisukuma hadi barazani, na zamu nyingine sikupewa tena.

Nilidhani nimesoma vibaya. Kumbe kitabu kilichotakwa huja na gemu ya kununua, na swali liliwekwa makusudi kuwanasa wenye kunakili. Diski ya Shafii ilikuwa ya wizi. Mwizi kaulizwa, kashindwa kujibu, akafukuzwa nani? Mimi! Wallahi, salamu yake hadi leo siitikii.