Makopo Mawili Niliyoyagawa kwa Dharau

Kosa langu la kijinga lilikuwa kumgawia jirani makopo mawili ya tui la nazi, asubuhi ya Ramadhani, na kumwambia maneno ambayo hadi leo nikiyakumbuka najifunika uso kwa mto. Nawasimulia mwenyewe kabla hamjayasikia kwa Watanzania wenzetu wa Herndon, maana wale huongeza chumvi (na siku hiyo chumvi ndiyo hasa iliyokosekana).

Tulikuwa tunakaa Takoma Park, huku Amerika, ghorofa ya pili, mke wangu akihudumia wazee kwenye nyumba moja ya kulelea huko Rockville, mimi nikishinda ndani na goti langu bovu, na mtu anayeshinda ndani asipokuwa na la kujivunia huokota lolote, basi mimi nikaokota sufuria. Niliwadharau wapishi wote wa Kitanzania kuanzia hapo hadi Virginia. Hasa bwana mmoja wa Herndon aliyeshika jiko la Idi mwaka uliotangulia, akapika pilau kavu hivi kwamba watu waliomba chai ya kulisukumia. Hilo jiko nililitaka mimi. Mzee Kombo, ambaye ndiye hupanga shughuli zetu, akaniambia, "Jumamosi tunafuturu pamoja, ukumbi wa chini hapo kwenu. Tuletee chakula kimoja ambacho hatujawahi kula. Tukikipenda, jiko la Idi ni lako."

Sasa mke wangu ana mwenzake kazini, Bi Rosa, Mchamoro wa kisiwa cha Guam (kiko Pasifiki, msinitazame hivyo, hata mimi niliuliza), ambaye siku moja alimwonjesha mchuzi wa kwao: nyama ya ng'ombe iliyokatwa vipande vidogo, kitunguu, saumu, maharage mabichi, nyanya ndogo nzimanzima, pilipili kali, ndimu, halafu tui linaingia mwisho na halitakiwi kuchemka sana. Bi Rosa akaandika yote kwenye karatasi, na mke wangu akanunua kila kitu, pamoja na makopo mawili ya tui.

Makopo. Mimi mtoto wa Tanga, niliyekuja Amerika na mbuzi ya kukunia nazi sandukuni, hadi mkaguzi wa uwanja wa ndege akaigeuzageuza akitafuta inalipukia wapi, ndiyo nipikie tui la kopo. Nikayabeba, nikavuka korido hadi kwa Nyambura, muuguzi, Mkenya wa Nyeri, nikamkabidhi.

"Chukua, dada. Nyie watu wa bara mkipikia hili mnaona mshafika pwani."

Akayatazama makopo, akanitazama mimi. "Asante, Baba Zuhura," akasema, akafunga mlango polepole.

Nazi zangu tatu nilikuwa nimezinunua tangu Alhamisi, nikaziacha bila kuzivunja mpaka nyama iko motoni, kwa kujiamini. Ya kwanza ilikuwa ya manjano ndani na inanuka kama mafuta ya nywele, ya pili imeota ukungu, na ya tatu haikuwa na maji wala haya, imekauka ikabanduka kwenye kifuu. Saa kumi na moja inakaribia, gari kaondoka nalo mke wangu, basi la Jumamosi huja likijisikia. Na hatua nne kutoka kwangu kuna makopo mawili. Nilifika mlangoni kwangu, nikashika kitasa, nikakumbuka nilivyosema, nikarudi jikoni. Nikaenda tena, nikashika kitasa, nikarudi tena.

Ndipo nikaona kabatini pakiti ya nazi iliyokwisha kukunwa, nyeupe, laini, mke wangu kainunua kwa ajili ya keki ya darasani kwa binti yetu Zuhura, aliyekuwa na miaka minane. Nikawasifu Wamarekani kwa mara ya kwanza. Nikaimwagia maji ya moto, nikaitia kwenye kifumbu (hicho nacho kilitoka Tanga), nikakamua. Vidole vikanata. Mwenye akili zake angejiuliza kwa nini vinanata, mimi nikajiambia ona tui zito lilivyo, mafuta matupu.

Kuonja sikuonja, nimefunga. Asubuhi mke wangu alikuwa ameniambia, "Onja kwa ncha ya ulimi halafu uteme, mpishi anaruhusiwa," nikamjibu kwamba wanaoonja ni wale wasiouamini mkono wao. Nikatupia na mdalasini (Bi Rosa hakuandika mdalasini, lakini nani kamuuliza), nikafunika.

Magharibi ikaingia. Tukafungulia tende na maji, tukaswali, tukakaa. Nyambura naye alikuwepo, mke wangu humwalika kila mwaka. Nikampakulia Mzee Kombo kwa mkono wangu, nikasimama pembeni kama bwana harusi anayengoja kupigwa picha. Mzee akatia tonge. Akatafuna. Akaacha kutafuna.

"Baba Zuhura," akasema, "hiki tunaanzia au tunamalizia?"

Nikadhani nasifiwa. "Unaanzia, mzee, na unamalizia."

"Nauliza kwa sababu kina sukari kuliko kaimati."

Bwana wa Herndon akaonja, akakohoa pilipili, akanywa maji, akaonja tena, akaniuliza kwa upole wa kuudhi kama Wachamoro hukila na chai ya maziwa. Nikaanza kueleza kwamba visiwani kule wana ladha zao, naeleza mimi, nimefika hadi hali ya hewa ya Pasifiki, mara Zuhura, mtoto ambaye ukimsemesha Kiswahili hukujibu Kiingereza, siku hiyo Kiswahili kikamtoka chote.

"Mama, baba amepika nazi yangu ya keki, ile ya sukari."

Ukumbi mzima ulisikia. Mke wangu alishika paji la uso, basi. Mzee Kombo akafuta mdomo, akamgeukia yule wa Herndon. "Idi hii tena wewe, bwana. Ila jitahidi pilau lisikauke." Mimi nikapewa vitunguu, na siku ya Idi nilivimenya, mfuko mzima, bila kumkosoa mtu.

Siku hizi naonja. Nikiwa nimefunga naonja kwa ncha na kutema, na makopo natumia, tena nayatikisa kwanza. Lakini jioni ile tulipokuwa tunapandisha sufuria ngazini, Nyambura kashika sikio moja na mimi la pili, nilijifanya natania, nikamwuliza makopo yangu alipikia nini. Akaitua sufuria mbele ya mlango wake.

"Iko juu ya friji, sijaifungua. Nilisikia ukishika kitasa chako mara mbili. Baba Zuhura, mimi sifungi na ulimi ninao. Ungebisha tu, ningekurudishia mikebe yako, na hiyo uchafu yako ningekuonjea."