Kulilaza Gari la Baba

Kwetu, masika yakiingia, gari halikuegeshwa. Lililazwa. Nikisema hivyo mbele ya madereva wa Katoro, ninakouza vipuri vya pikipiki, wananicheka na kuniuliza kama tulilifunika blanketi. Ninawajibu kwamba ndiyo, tulilifunika, na kama wangemjua baba yangu wasingecheka.

Nyumbani ni upande wa Kharumwa, ndani kabisa, na kati ya kijiji chetu na barabara kubwa kuna mbuga. Mgeni akisikia mbuga hufikiri habari za twiga. Mbuga ya kwetu ni udongo mweusi tu, ambao kiangazi unapasuka nyufa za kumeza mguu wa ndama, na masika unakuwa ugali ambao haujaiva. Gari likinasa humo mwezi wa kumi na mbili, mwenyewe anaweza kwenda zake nyumbani akarudi kulitazama mwezi wa tano. Baba alikuwa na pikapu moja ya bluu, kuukuu, aliyoinunua kwa jasho la pamba na mpunga kabla sijazaliwa, na alikwisha kubali kwamba kwa miezi mitano au sita ya kila mwaka lile gari si gari.

Hatukuwa na banda la kuliingizia. Tulikuwa na jabali, mwamba bapa nyuma ya nyumba, ambao maji hayatuami juu yake. Baba alingoja mvua ya pili kubwa. Ya kwanza hakuiamini, aliiita mvua ya kupima watu akili. Baada ya ya pili alitembea mpaka ukingoni mwa mbuga, akakanyaga, akainua kisigino kutazama kama udongo umeng'ang'ania. Ukiwa umeng'ang'ania alirudi nyumbani akasema, "Leo linalala," na sisi watoto tukaacha kila tulichokuwa tukifanya.

Kazi ya kwanza ilikuwa kufagia, na kazi hiyo ilikuwa yangu, kwa sababu nilikuwa binti mdogo na ningeweza kuingia kwa kichwa chini ya kiti. Pikapu ile kiangazi kizima ilibeba mpunga, karanga, mahindi na kuku wa watu, kwa hiyo kila ufa ulikuwa na punje. Baba hakutaka ibaki hata moja. Nikimaliza aliingiza kidole chake kwenye kona ya sakafu, na akitoka na punje ya mpunga alinionyesha, nami nilirudi chini ya kiti nikinung'unika. "Gari halilishwi," alikuwa akisema. "Ukililisha wewe, panya atakuja kula, na panya akishiba punje anaanza nyaya." Nilimwona mtu mgumu sana. Leo nikiwafokea vijana wangu dukani kwa sababu ya makombo ya chapati kwenye boksi la nyaya, nasikia sauti yake ikitoka kinywani mwangu.

Baada ya kufagia, mambo mengine yalifuatana bila mtu kuuliza. Gari lilipandishwa jabalini, likapigwa jeki, magogo manne ya mninga yakaingia chini ili tairi zisilale upande mmoja miezi yote hiyo. Breki ya mkono iliachiwa isije ikashika kutu. Betri ilichomolewa, ikaingia ndani chini ya kitanda cha wazazi, juu ya ubao. Bomba la moshi lilizibwa kwa gunzi la mahindi lililoviringishwa tambara, maana nyigu wa kwetu hawaoni tundu wakaliacha. Kisha turubai, lile lile la kuanikia mpunga, likavutwa na kufungwa kwa kamba, ila upande mmoja uliachwa wazi kidogo gari lipumue. Mwisho kabisa tulilizungushia matawi ya mgunga yenye miiba, kwa sababu ng'ombe wanapenda kuramba bodi ya gari, nao wakianza kuramba hawaishii hapo, wanajikuna pembe. Baba alipiga boneti makofi mawili juu ya turubai. "Haya, tutaonana mpunga ukiiva," akaliambia gari, na akageuka kwenda kushika jembe.

Kuanzia siku hiyo kijiji kizima kilijua kwamba gari limelala. Hakuna aliyekuja kuomba lifti, hata mwenye mgonjwa alitafuta mkokoteni wa ng'ombe. Sisi watoto tulilichungulia kila siku kupitia miiba. Nilipenda sana mlio wa mvua ikipiga lile turubai. Nimekaa Katoro miaka mingi sasa, chini ya bati linalopiga kelele kuliko karasha la kusagia mawe ya dhahabu, na bado sijausikia mlio kama ule. Naukumbuka mpaka naona uchungu.

Kuliamsha kulikuwa sikukuu. Mbuga ikikauka, baba alipita kwa majirani kuwaita, na kila aliyeshika gari kulishusha kwenye magogo alikuwa na haki ya kupanda safari ya kwanza ya kwenda Kharumwa. Ndiyo maana hatukukosa watu wa kusukuma.

Halafu baba akapigwa na kiharusi. Kilimpiga upande wa kulia, wakati wa kuchuma pamba, miaka michache iliyopita. Mkono ulirudi kidogo, ulimi ukawa mzito lakini ukawa wa kueleweka, mguu ukakataa. Tukamtoa hospitali akiwa wa kukalishwa kwenye kiti cha plastiki dirishani. Mganga wa kituo cha afya alimwambia afanye mazoezi ya mguu, na baba, ambaye hakuwahi kumsikiliza mganga yeyote, akamwambia mama amletee tofali. Akaliweka chini mbele ya kiti na kuanza kulikanyaga kwa ule mguu wa kulia, taratibu, akiachia na kukanyaga tena. Mama alidhani amechanganyikiwa. Baba akamwambia anajifunza upya kukanyaga mafuta, na kwamba siku gari likiamka ataliendesha yeye mwenyewe mpaka Kharumwa.

Masika yalipoingia nilifunga duka nikaenda nyumbani kulilaza gari. Alinisimamia kutokea dirishani. Nilifagia nikiwa mwanamke mwenye watoto watatu, kichwa chini ya kiti na miguu nje, naye akauliza, akiniita mama kwa Kisukuma, "Mayu, kona ya kushoto umepita?" Nilipita mara mbili. Nikaweka magogo, nikaachia breki, nikatoa betri, nikaviringisha gunzi. Miiba ilinichana mikono yote. Nilipomaliza alicheka kwa upande mmoja wa mdomo na kusema, "Wabeja, mayu." Sikumbuki kama aliwahi kunishukuru kabla ya siku hiyo.

Kabla sijaondoka, mama alinivuta pembeni. "Anakula kwa sababu ya gari," akaniambia. "Anakanyaga tofali kwa sababu ya gari. Likigoma kuwaka, huyu mtu ataacha." Nami nilimwamini. Tangu siku hiyo kila mvua iliyonyesha Katoro niliisikia kwa masikio mawili, moja la dukani na moja la jabalini.

Mwezi wa pili mvua ilizidi na nikaenda kuwatazama. Bodaboda aliniacha ukingoni mwa mbuga, nikavuka kwa miguu, viatu mkononi. Nilimkuta mama ghalani, amesimama chini ya paa la nyasi linalovuja, anahamisha magunia ya mpunga kutoka kona hii kwenda ile, na kona zote zilikuwa zimelowa. Magunia mawili yalikuwa yamekwisha anza kuchipua. Yaliyobaki yalikuwa chakula chao mpaka mavuno. Nyumba ya kulala nayo ilikuwa imejaa ndoo za kukinga maji.

Palikuwa na mahali pamoja tu pakavu hapo nyumbani. Sote wawili tulipafikiria na hakuna aliyetaka kupataja. Mwishowe mama akasema, "Ni wiki mbili tu, jua likiwaka tuyatoe." Nikasogeza miiba. Tukapitisha magunia matatu, mmoja mbele mmoja nyuma, wakati baba amelala usingizi wa mchana, tukayapanga nyuma ya kiti cha gari na kufunga milango. Nilijiona mwerevu. Chumba kina vioo, kina kufuli, hakina tone la maji, na kuna watu wanaojenga maghala yasiyofikia hapo. Kisha nikarudi Katoro, jua halikuwaka, na wiki mbili zikawa mwezi na nusu.

Nilirudi siku mbili kabla ya siku ya kuliamsha. Nilipofungua mlango harufu ya panya ilinipiga usoni. Gunia la chini lilikuwa limetobolewa, mpunga umemwagika mpaka kwenye pedali, na chini ya dashibodi nyaya zilikuwa zinaning'inia zimetafunwa, nyekundu, nyeusi na njano, kama ushanga uliokatika. Mama alikuja, akatazama, akakaa chini palepale jabalini. "Nimemuua mume wangu kwa mpunga," akasema. Nilimwambia anyamaze, tena kwa ukali, kwa sababu na mimi nilikuwa nataka kulia na sikutaka wa kunitangulia.

Kumleta fundi kutoka Geita ilikuwa haiwezekani, mbuga ilikuwa bado haijakaza, lakini baba alikataa kungoja zaidi, alitaka walau alisikie likiwaka. Mimi naujua umeme wa pikipiki, na nilikuwa na nyaya za pikipiki mkobani. Niliziunga zile nyaya siku nzima na nusu, nimelala chali chini ya usukani, nikijipa moyo kwamba umeme ni umeme. Baba tulimwambia nasafisha.

Siku yenyewe majirani walikuja sita. Walimbeba baba na kiti chake mpaka kwenye ukingo wa jabali. Alikuwa amevaa shati lake la kanisani na kiatu kimoja tu, cha mguu wa kulia, kimefungwa kamba vizuri. Gari likashushwa, betri ikafungwa, gunzi likatolewa. Nikakaa kwenye usukani nikageuza ufunguo. Taa moja ya dashibodi ikawaka kidogo, ikazimika. Nikageuza tena, na mara hiyo hata taa haikuwaka. Nikageuza mara ya tatu kwa sababu sikuwa na jambo lingine la kufanya.

Sikushuka. Nilitazama mikono yangu na kungoja sauti ya mtu yeyote isipokuwa yake.

"Panya?" baba akauliza.

Mama akasogea karibu na kiti chake.

"Dirisha langu linatazama wapi?" baba akaendelea, polepole, akichagua maneno ambayo ulimi wake ungeyaweza. "Niliwaona siku ile. Wewe mbele, mama yako nyuma, magunia matatu. Mlidhani nimelala."

Nikamuuliza kwa nini hakutukataza, yeye aliyenitolesha punje moja moja chini ya kile kiti tangu nikiwa na miaka sita.

"Ningewakataza, mama yako angekula nini?" akasema. Kisha akawatazama majirani, ambao walikuwa wameinamisha vichwa kama wako msibani. "Mmekuja kushangaa au kusukuma? Nipandisheni."

Wakampandisha. Nilimwachia usukani nikahamia kiti cha pembeni, kwenye mpunga. Alishika usukani kwa mkono wa kushoto, akaegemeza ule wa kulia juu yake, na wale wanaume sita wakalisukuma gari kutoka jabalini, wakalizungusha nyumba, wakapita zizini na kwenye kisima. Mama alitembea pembeni ya dirisha na kanga yake mdomoni. Nilitazama chini. Mguu wa kulia wa baba ulikuwa unakanyaga mafuta, taratibu, anaachia, anakanyaga. Injini haikuwepo katika habari hiyo kabisa, na sidhani kama nimewahi kupanda gari likaenda vizuri vile.

Usiku huo sikulala kwa kufikiria maneno ya mama, kwamba gari likigoma baba ataacha. Asubuhi niliposhindwa kuvumilia nilipita dirishani kwake nikijifanya naelekea kisimani. "Mwangaluka, baba," nikamwamkia. Akaitikia bila kugeuza kichwa. Alikuwa anakanyaga tofali.

Fundi alikuja mbuga ilipokaza, akacheka sana alipoziona nyaya za pikipiki, akaweka zake. Baba alipelekwa Kharumwa kwa gari lake viangazi viwili, amekaa kiti cha pembeni, mguu wa kulia ukiwa kazini njia nzima. Hakuliendesha tena. Alituacha kiangazi cha tatu, na pikapu haijawaka tangu hapo, kwa sababu kila nikiamua kumwita fundi naona bora mwezi ujao.

Ila kulilaza nalilaza. Mwaka huu pia mvua ya pili ilipopita nilifunga duka, nikavuka mbuga, nikaweka magogo, gunzi, turubai na miiba. Nilifagia kona zote mbili na kupitisha kidole. Ghala la mama sasa lina bati, nimeliezeka mwenyewe, halivuji hata tone. Alinikuta nafunga kamba ya mwisho. Akatazama dirisha la baba, halafu akaniuliza kama pale nyuma ya kiti panaweza kuingia gunia moja. Nikafungua kamba, nikamfungulia mlango.