Mmeoa au Mmeolewa?

Juzi kwenye duka la pembejeo hapa Babati, mama mmoja kutoka kijijini Mutuka alisoma tangazo jipya ukutani: kampuni yenye duka imeungana na nyingine. Akamgeukia muuzaji.

"Sasa baba, mmeoa au mmeolewa?"

Tukacheka foleni nzima. Muuzaji hakucheka. Alichungulia ofisi ya nyuma, walikokuwa wageni wa makao makuu, kisha akashusha sauti.

"Tumeolewa, mama. Na huko tunakokwenda, jikoni kuna mtu tayari."

Kicheko kikakatika. Wakubwa wa kampuni wanasema muungano utapunguza gharama na faida itapanda. Sina ubishi. Ila hiyo gharama nimeiona kwa macho: ilikuwa inanifungia mfuko wa mbegu, ikichungulia tena ofisi ya nyuma.